Malkia wa Tandika na Mnyasa Wake

Msomaji wangu, mwezi huu sikuletei siri za kudumu na mchumba wala bajeti ya harusi. Mwezi huu nataka kukiri kosa. Nimekaa nalo moyoni tangu mwaka 2018, na kila nikijaribu kulisahau, kuna kitu kinanikumbusha. Safari hii kilichonikumbusha ni filamu.

Ilikuwa Jumamosi jioni nyumbani kwetu Mwananyamala. Watoto wamelala, mzee mwenyewe kaleta chipsi kuku, tukaweka "Victoria & Abdul", ile ya mwaka 2017 ambayo Judi Dench anacheza kama Malkia Victoria wa Uingereza. Mume wangu alikuwa anacheka. Mimi filamu ilipofika mwisho nilikuwa nalia kwa kwikwi, mpaka akasimamisha akaniuliza, "Mama watoto, vipi tena? Si filamu tu hii!"

Kwangu haikuwa filamu tu. Nilikuwa namwona mama yangu.

Mama peke yake

Baba alifariki mwaka 2009. Sisi watoto watatu tayari tulikuwa tumeshatawanyika: kaka mkubwa Mbezi, mdogo wangu Mwanza, mimi Mwananyamala. Mama akabaki peke yake kwenye nyumba ya Tandika, ile ambayo wao wawili waliijenga tofali kwa tofali. Tulimwomba aje kukaa na sisi kwa zamu, akakataa katakata. "Mimi si mzigo wa kuzungushwa," alisema.

Mtaani walimwita Malkia. Alikuwa muuguzi mstaafu, mrefu, mgongo umenyooka, na akitoka kwenda sokoni alifunga kitenge chake kama anakwenda kupokea wageni wa serikali. Lakini sukari ilikuwa inamla taratibu. Kufikia 2013 macho yalikuwa yameanza kumgomea. Gazeti alilopenda kulisoma kila asubuhi akawa analishika tu mkononi.

Mwaka huohuo ndipo alipokuja kijana mmoja kuomba kibarua cha kukata majani. Alikuwa Mmalawi wa Nkhotakota, mji wa kando ya ziwa, kaja Dar kutafuta maisha kama wengine wote. Mama akampa fyekeo. Wiki iliyofuata akampa chumba cha uani. Mshahara wake ulikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi na chakula. Sisi watoto tulishukuru, maana tulipata mtu wa kulinda geti na kuchota maji kwa bei poa, na dhamiri zetu zikatulia.

Siku moja nilipofika bila taarifa, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya baraza, mama kwenye kiti chake, na kijana anamsomea gazeti. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao, herufi ya r na ya l zinabadilishana viti. "Lais amesema balabala itakamilika..." Mama alicheka mpaka machozi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo kumwona mama anacheka vile.

Ungedhani nilifurahi. Sikufurahi. Kitu kama mwiba kilinichoma, nikasema moyoni, huyu naye kazi yake si majani?

Kabaka na kijana wa Unguja

Baada ya filamu ile nilianza kusoma. Nikagundua kwamba si lazima twende mpaka Uingereza kumtafuta mfalme aliyeshikamana na mtumishi mgeni. Tunaye hapahapa Afrika Mashariki, na kitu kilichowaunganisha ni kilekile nilichokikuta barazani Tandika: kusomewa.

Mwezi Aprili 1875, mtafiti Henry Morton Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Mutesa alikuwa mfalme mwenye nguvu hasa, anatuma mitumbwi na majeshi, anakata neno na neno linakuwa. Alijua Kiswahili, maana wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walishafika kwake zamani. Walimfundisha dini ya Kiislamu, na alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Sasa Stanley akaanza kumwelezea Biblia, na Kabaka akataka kujua zaidi.

Katika msafara wa Stanley kulikuwa na kijana anaitwa Dallington Maftaa. Alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Zanzibar na wamisheni wa Kianglikana wa UMCA. Kijana huyo alijua kusoma na kuandika Kiingereza na Kiswahili. Alisaidia kutafsiri sehemu za Biblia kwa Kiswahili ili Kabaka azielewe. Stanley alipoondoka, Mutesa alitaka masomo yaendelee, na Maftaa akabaki.

Hebu fikiria, msomaji. Kijana asiye na ukoo pale Buganda, hana mjomba, hana shamba, hana hata mtu wa kumzika. Siku chache kabla alikuwa mmoja tu kati ya watu wengi wa msafara. Ghafla ndiye anayekaa karibu na mfalme, anamsomea, anamfafanulia maneno, na anamwandikia barua kwa Wazungu. Kutoka huko alimwandikia pia askofu wake wa Zanzibar, Edward Steere, bingwa yule wa sarufi ya Kiswahili, kumweleza hamu ya Kabaka ya kujifunza. Wamisheni wa kwanza wa CMS walipofika kwa Mutesa tarehe 30 Juni 1877, walimkuta Maftaa tayari yupo, na barua waliyoileta ilifafanuliwa kwa kinywa chake.

Je, huo ulikuwa urafiki? Swali hili limenisumbua. Sitaki kukupamba kwa maneno matamu. Mutesa hakuwa mtu wa kuchezea. Mwaka 1876, wakati Maftaa yupo palepale kasrini, Kabaka aliamuru makumi ya vijana Waislamu wauawe, na wengi wao walikuwa watumishi wake mwenyewe, waliokataa kula nyama isiyochinjwa kwa taratibu za dini yao. Mtu anayekaa karibu na mkubwa wa namna hiyo anajua kwamba tabasamu la leo linaweza kuwa amri ya kesho. Maftaa hakuwa na uhuru wa kusema, "Leo Kabaka nimechoka, tusome kesho."

Lakini hapo pia kuna jambo la kujifunza. Mutesa aliweza kuamuru ng'ombe, mitumbwi na vita. Kuelewa hakuweza kuamuru. Kwa jambo hilo moja, mfalme wa watu wote wale alikuwa anamtegemea kijana aliyewahi kuwa mtumwa. Nadhani urafiki wa mkubwa na mdogo huwa unaanzia hapo, pale mkubwa anapogundua kwamba kuna kitu anakihitaji ambacho fimbo yake haiwezi kukileta.

Mama hakuweza kuamuru macho yake yarudi. Na sisi watoto wake, pamoja na digrii zetu, tulikuwa na muda wa kumtumia pesa, hatukuwa na muda wa kumsomea gazeti.

Kaunta buku

Kilichofuata kilituzidi kimo. Mama, na miaka yake 68, akaanza kujifunza Kichewa.

Alinunua kaunta buku lenye jalada gumu na kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia mabango, ili aone anachoandika. Kila jioni baada ya habari ya saa mbili, kijana anasema, mama anarudia, kisha anaandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nikipiga simu kumjulia hali ananiambia, "Zikomo, mwanangu!" Ndiyo "asante" ya kwao. Siku moja alinipigia yeye mwenyewe, saa tatu usiku, sauti imejaa furaha: "Unajua nyumba kwao ni nyumba? Moto ni moto! Maji wanaita madzi. Kumbe ni ndugu zetu kabisa hawa!" Mimi nilikuwa natengeneza kurasa za toleo la mwezi, nikamjibu, "Sawa mama, nitakupigia baadaye." Sikupiga.

Ndivyo alivyofanya Malkia Victoria. Abdul Karim aliletwa kutoka Agra, India, mwaka 1887, akiwa na miaka 24, kuhudumu mezani wakati wa sherehe za miaka 50 ya utawala wake. Victoria alikuwa mjane tangu 1861. Kijana alimpikia mchuzi wa kwao, akamwelezea nchi ambayo Malkia alikuwa anaitawala bila kuitia mguuni. Mwaka uliofuata alishapandishwa cheo kutoka mhudumu wa meza hadi Munshi, yaani karani na mwalimu wake. Malkia alijifunza lugha ya Kihindustani na aliendelea kuiandika mpaka karibu na mwisho wa maisha yake, miaka 13 ya mazoezi. Mwanamke aliyetawala karibu robo ya dunia, amekaa na daftari anajifunza alifabeti upya!

Na watu wake wa karibu? Walikasirika. Mwaka 1897 watumishi wakubwa wa ikulu walitishia kujiuzulu wote iwapo Karim angeambatana nao kwenye safari ya Ufaransa. Malkia kusikia hivyo alighadhibika akasukuma chini vitu vilivyokuwa juu ya meza yake. Wakasema Karim ni mlafi wa vyeo, wakasema amedanganya kuhusu ukoo wake, wakasema anasoma siri za serikali. Daktari wa Malkia alimwambia kwamba watu wanaanza kufikiri ana wazimu.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwa muda, kwa sababu nilisikia sauti ya kikao chetu cha familia.

Kikao

Kikao tulikifanya kwa kaka, Mbezi, mwanzoni mwa 2017. Ajenda ilikuwa moja: yule Mnyasa. Majirani walishaanza kusema. Wengine walisema kijana kamlisha mama dawa. Wengine walisema yale mambo mengine ambayo sitayaandika hapa, kwa heshima ya marehemu. Kaka aligundua kwamba kijana anajua namba ya siri ya kadi ya benki ya mama, yeye ndiye anayekwenda kumtolea pensheni. "Leo pensheni, kesho hati ya nyumba," alisema kaka, na sisi tukaitikia kwa vichwa.

Tulimnyang'anya kadi. Mwezi uleule kaka alihesabu akaona shilingi 40,000 hazina maelezo. Akamweka kijana kiti moto barazani mbele ya mama, akamwambia arudishe pesa ama aitiwe uhamiaji. Kijana hakujibu kitu. Alisimama tu, mikono nyuma. Mama ndiye aliyesimama, akashika ukuta maana alikuwa haoni vizuri, akasema, "Hiyo pesa nimemchangia jirani aliyefiwa. Mlitaka niombe ruhusa kwenu?" Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia: "Huyu mnamchunguza kwa sababu yupo. Ninyi hamchunguziki, hampo."

Tuliondoka tumenuna. Ukweli usiofichika ni kwamba hatukuwa tunaogopa nyumba kupotea. Tulikuwa na wivu, na wivu wetu ulikuwa na aibu ndani yake. Mtu baki alikuwa anafanya kazi yetu, tena anaifanya kwa furaha. Ni rahisi zaidi kumwita mtu mwizi kuliko kujiita mvivu.

Moto

Mama alifariki Agosti 2018. Aliyekuwa naye usiku ule ni kijana yuleyule, yeye ndiye aliyetafuta bajaji, yeye ndiye aliyetupigia simu.

Siku tatu baada ya kuanua matanga tulimwita. Kaka alimpa mshahara wa mwezi mmoja na nauli ya basi. Hatukumwuliza anakwenda wapi. Alfajiri yake alipanda basi la Kyela pale stendi ya Ubungo, na begi moja.

Mimi nilipewa kazi ya kusafisha chumba cha mama. Nilitoa magazeti ya zamani, maboksi ya dawa, kanga zilizochanika. Na lile kaunta buku. Nililifungua, nikaona kurasa na kurasa za herufi kubwa zilizopinda, maneno nisiyoyajua. Nilisita, msomaji, sikufichi. Halafu nikalitupa kwenye moto wa takataka nyuma ya nyumba pamoja na vingine. Nilisema moyoni, basi, yameisha.

Malkia Victoria alifariki tarehe 22 Januari 1901. Mtoto wake mkubwa wa kiume, aliyekuwa Mfalme Edward wa Saba, alimruhusu Karim aage mwili na awemo katika msafara wa mazishi. Muda mfupi baadaye alituma watu nyumbani kwa Karim. Barua ambazo Malkia alimwandikia zilichukuliwa na kuchomwa moto, na Karim akaamriwa arudi India. Alifia Agra mwaka 1909.

Sasa unajua kwa nini nililia siku ile. Wote waliokuwa wanaitazama filamu ile walikuwa upande wa Abdul. Mimi peke yangu nilikuwa naangalia wale wenye kiberiti.

Simu ya Malawi

Ilinichukua miezi kadhaa kupata namba yake. Fundi cherehani mmoja wa Tandika alikuwa bado anawasiliana naye. Nilipopiga, mkono ulikuwa unanitetemeka kama binti anayempigia mchumba kwa mara ya kwanza.

"Dada!" alisema, kama vile tuliachana jana kwa amani.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa matusi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi kwenu nilikuwa mgeni. Mgeni anajua siku yake ya kuondoka itafika. Kilichoniuma ni kwamba sikupata nafasi ya kuaga kaburi."

Hakuniambia kwamba amesamehe, na sikumlazimisha aseme. Nilimwuliza mama alikuwa anaandika nini kwenye lile buku. Alicheka. Mengi yalikuwa majina ya vitu vya ndani, alisema, na bei za sokoni, na maneno ya kusalimia wakwe, maana mama alikuwa amemwahidi kwamba akioa atakwenda Nkhotakota kwenye harusi. "Ila kuna siku aliniuliza," akasema, "kwetu tunasemaje 'usiku ni mrefu'. Nikamfundisha. Basi akawa anaiandika sana hiyo."

Miaka tisa ya ujane, na mimi binti yake hakuwahi kuniambia kwa Kiswahili kwamba usiku ni mrefu. Labda alijua ningejibu, "Sawa mama, nitakupigia baadaye."

Kwako wewe unayesoma

Najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna mzazi mmoja amebaki, Mbagala, Tegeta, au kijijini kabisa. Na najua karibu yake kuna mtu: dada wa kazi, mlinzi, mpangaji, bodaboda wake wa kila siku. Simaanishi uache kuangalia mambo ya pesa. Wapo wazee wanaotapeliwa kweli, na kadi ya benki si kitu cha kumkabidhi kila mtu. Lakini kabla hujamchunguza yule mtu, jichunguze kwanza wewe. Mara ya mwisho kukaa na mzazi wako saa nzima bila kushika simu ilikuwa lini? Yule mtu anajua nini kuhusu mama yako ambacho wewe hukijui? Mwulize. Mshukuru. Mwandikie mkataba wake, mlipe inavyostahili, na kama ni mgeni msaidie apate vibali vyake, badala ya kuvitumia kama fimbo.

Na mzazi akianza kujifunza jambo jipya na umri wake ule, hata kama ni lugha ya mtunza bustani, kaa naye mkao wa darasa.

Mimi Desemba iliyopita nilimtumia nauli kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto wawili. Alikuja. Tulikwenda wote makaburini, mimi, yeye na kaka. Kaka hakusema mengi, lakini alimshikia mwavuli, maana mvua ilikuwa inanyesha. Kijana alichuchumaa akaongea na mama kwa Kichewa, muda mrefu. Nilielewa maneno mawili tu, nyumba na zikomo.

Nimeshanunua kaunta buku langu. Tukutane mwezi ujao.